Uhuru wetu ulidaiwa kwanza mlangoni pa jineri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala mliyoichapa wiki ya sikukuu ya Uhuru. Mwandishi wenu alieleza kwamba Uganda, tofauti na jirani zetu wa Kenya, iliupata uhuru kwa mteremko: waheshimiwa wachache walipanda ndege, wakakaa na Waingereza Lancaster House, London, mwaka 1961, wakarudi na katiba mkobani, na tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ikapanda. Ameandika kwa lugha nzuri na sina ugomvi naye. Lakini nimefundisha historia katika sekondari za hapa Jinja mpaka nilipostaafu, na maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na hata kwa wabunge wanaokuja kuhutubia mahafali. Yakiachwa yaendelee, wajukuu zetu watakua wakiamini kuwa babu zao walikaa tu wakingoja.

Miaka 13 kabla ya bendera ile, mwezi wa Aprili 1949, watu walikusanyika mbele ya jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo na madai mkononi. Walitaka kuchagua machifu wao wenyewe. Walitaka pia ruhusa ya kuchambua pamba yao wenyewe, yaani kutenganisha nyuzi na mbegu kwa mashine, na ruhusa ya kuiuza nje bila kupitia kwa mtu. Mkulima wa jembe la mkono, aliyetoka Kyaggwe au Bulemeezi, alitembea hadi mlangoni kwa mfalme kudai mashine. Nchi ilichafuka, nyumba za machifu zikachomwa, serikali ikatangaza hali ya hatari, na vyama viwili, cha Bataka (wakuu wa koo) na kile cha wakulima wa Kiafrika kilichoongozwa na Ignatius Musazi, vikapigwa marufuku. Huo si mteremko, Mhariri.

Kwa nini mashine ya kuchambua pamba iwatoe watu roho? Kijana wa leo hawezi kulielewa hilo kama hajawahi kuona pamba ikiuzwa, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Babu yangu mzaa mama alilima pamba upande wa Kamuli. Likizo ya Desemba tulipelekwa kwake, na huo ndio ulikuwa msimu wenyewe. Pamba ilimwagwa juu ya mikeka uani, na sisi watoto tukakaa kuizunguka tukiichagua: nyeupe isiyo na doa huku, hiyo ndiyo safi, ya manjano, iliyotobolewa na wadudu au kunyeshewa na mvua huku, hiyo ndiyo fifi. Fifi bei yake ilikuwa ya kutupa. Bibi alikuwa mkali katika kazi hiyo kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha baadaye. Jani kavu moja likionekana katika rundo la safi, rundo zima tunalirudia, maana karani wa kununua akiliona angelitia gunia lote katika fifi. Vidole vyetu vilichubuka kwa maganda makavu ya pamba, ambayo ncha zake hukatia ndani ya kucha, na bibi alitupaka samli usiku.

Miaka ya nyuma, kabla yetu sisi watoto, babu alilifunga gunia juu ya baiskeli, akalisukuma kwa miguu hadi jineri, kiwanda cha kuchambulia, akapanga foleni na wenzake tangu alfajiri. Mizani ilikuwa ndani, yeye nje. Uzito alisomewa; hakuuona kwa macho yake. Akikataa bei, jineri nyingine haruhusiwi kwenda, kwa sababu tangu mwaka 1933 serikali ilikuwa imeigawa nchi kanda kwa kanda, na pamba ya kanda moja ililazimika kuuzwa humo humo. Wenye majineri nao wakaungana katika vyama vyao vya kununua, wakagawana pamba kabla haijavunwa. Mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo alilijua hilo.

Ndani ya jineri, rola iliyovikwa ngozi huvuta nyuzi na kuziacha mbegu zidondoke upande wa pili. Katika kila kilo 100 za pamba aliyoileta mkulima, nyuzi ni kama kilo 33. Zilizobaki karibu zote ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta, mafuta hayo hupika na hutoa sabuni, na kinachobaki ni mashudu ya ng'ombe. Nyuzi hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 185, na robota ndilo lenye bei ya dunia. Babu alilipwa kwa pamba yenye mbegu, hesabu yake ikafungwa hapo. Mafuta, sabuni, mashudu na robota vyote vilikuwa vya mwenye mashine, na babu akirudi nyumbani alinunua sabuni iliyotokana na mbegu zake. Watu wa 1949 walikuwa wanaijua hesabu hii bila kufundishwa na mwanasiasa.

Haikuwa bahati mbaya kwamba mashine zilikaa mikononi mwa wachache. Turudi nyuma kidogo. Viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vilipata pigo kubwa kati ya 1861 na 1865, Wamarekani walipokuwa wanapigana wao kwa wao na pamba ya kusini mwa Marekani ikakatika. Maelfu ya wafanyakazi wa Manchester na miji jirani walikosa kazi na chakula. Hofu hiyo haikuwatoka. Mwaka 1902 wenye viwanda wakaunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, na mwaka uliofuata mbegu zililetwa hapa na Kenneth Borup wa Uganda Company, kampuni iliyozaliwa na misheni ya Kianglikana. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika Kisumu mwaka 1901. Kodi ya nyumba, rupia tatu, ilikuwa imeshaandikwa katika Mkataba wa Buganda wa 1900, na mtu aliyekuwa hajawahi kushika rupia alilazimika kuitafuta mahali. Reli ilihitaji mzigo, kodi ilihitaji fedha, Lancashire ilihitaji nyuzi. Pamba ikajibu yote matatu.

Waafrika walipoanza kuchambua kwa mashine ndogo za mkono, Gavana Hesketh Bell alitoa sheria mwaka 1908: mbegu ni za aina moja, zinatoka serikalini, na mashine za mkono ni marufuku. Sababu iliyotolewa ilikuwa ubora, na kweli pamba ilikuwa imechanganyika vibaya mno. Lakini matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliondolewa kwenye mashine kwa sheria, akaachiwa jembe. Haikupita miaka 15 tangu mbegu za kwanza, pamba ikawa zaidi ya nusu ya kila tulichouza nje. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya Jinja hadi Namasagali mwaka 1912, ili mzigo wa meli za Ziwa Kyoga ufike Ziwa Victoria. Wanafunzi wangu wa Kamuli walikuwa wakiyajua yale majengo ya Namasagali kama shule tu.

Mwandishi wenu ametaja kwa kupita tu kwamba vita vya pili vya dunia viliamsha watu. Ni kweli, ila aliwaacha nje waliofanya mambo yenyewe. Januari 1945 vibarua wa Kampala waligoma kudai mishahara, mgomo ukasambaa miji mingine, na Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, akalazimika kujiuzulu. Oktoba mwaka huo huo, katika Manchester ile ile iliyovaa utajiri wa pamba, Kwame Nkrumah, Jomo Kenyatta na wenzao walikutana katika Kongamano la Waafrika, wakatoa tamko la kuwahimiza wafanyakazi na wakulima wa makoloni watumie silaha ya kugoma na kususia. Mimi nilikuwa nikiwachorea wanafunzi ramani ubaoni, Kamuli hapa, Manchester pale, mshale wa pamba kwenda, mshale wa madai ya uhuru kurudi. Ni somo pekee ambalo hawakuwahi kunisinzilia.

Fedha nazo zina habari yake. Wakati wa vita na baada yake Uingereza ilinunua pamba yetu, lakini mkulima hakulipwa bei kamili; tofauti ilizuiwa katika mifuko ya serikali kwa maelezo kwamba ni akiba ya kumkinga bei ikianguka. Katika miaka ya 1950 akiba hizo za pamba na kahawa ndizo zilizogharamia sehemu kubwa ya maendeleo yaliyosifiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia Mwingereza alituachia hospitali na barabara, muulize zilijengwa kwa fedha za nani. Babu yangu alichangia bila kuombwa, na alikufa bila kuwasha taa ya umeme nyumbani kwake.

Na madai ya 1949 hayakufa kwa sababu vyama vilipigwa marufuku. Mwaka 1952 Musazi huyo huyo, akiwa na Abu Mayanja kama katibu, alianzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha nchi nzima, na wafuasi wake wa mwanzo walitoka katika mtandao wa wakulima. Mwaka huo huo serikali ya Gavana Andrew Cohen ilipitisha sheria ya kuyachukua majineri na kuyakabidhi kwa vyama vya ushirika vya Waafrika. Hatua hiyo ilikuja miaka mitatu tu baada ya nyumba za machifu kuchomwa. Babu alikuwa na kadi ya ushirika, na alipokwenda kuuza chini ya ushirika wao aliruhusiwa kuingia ndani na kusoma mizani. Mama yangu aliniambia kwamba siku hiyo alirudi akiimba. Sheria ile ilitangulia Lancaster House kwa miaka tisa.

Sasa nije upande wa baba, maana nchi hii haikubadilishwa na shamba peke yake. Baba alitoka karibu na Arua. Wakoloni waliifanya West Nile, sehemu hiyo ya kaskazini-magharibi, kuwa ghala la vibarua. Pamba huko haikuhimizwa kama ilivyohimizwa Busoga na Buganda, ili wanaume wakose fedha ya kodi na washuke kusini kutafuta kazi. Baba alishuka akiwa kijana, akakata miwa, kisha akaja Jinja. Bwawa la Owen Falls lilikuwa limekamilika. Malkia Elizabeth alilifungua Aprili 1954, na maporomoko ya Ripon yalikuwa yameshamezwa na maji. Umeme huo ulileta kiwanda cha nguo, Nyanza Textile, tulichokiita Nytil. Ulileta kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyokuja kwa reli kutoka Kilembe, na vingine vingi. Pamba ya babu hatimaye ikawa inasokotwa na kufumwa umbali wa safari moja ya basi kutoka shambani kwake. Baba alikuwa upande wa kusokota. Ndoa ya wazazi wangu ni mkutano wa pande hizo mbili, na wazee wa pande zote walichukua muda mrefu kuikubali.

Tuliishi Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi. Chumba kimoja na kibaraza, bomba la maji la pamoja, choo cha pamoja. King'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu. Mama aliepua chai king'ora kikilia, akatuamsha, akamsikilizia baba hatua zake akirudi zamu ya usiku. Aliingia nyusi na nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi la pamba, akainama nje kwanza, akajipigapiga kwa kitambaa, akapenga pua, ndipo akatusalimu. Kikohozi chake tulikizoea hata tukawa tunamtambua kwacho gizani.

Ule ua wetu sikuuona tena mahali pengine. Mlango wa kwanza Msamia, wa pili sisi, wa tatu Mluo wa Kisumu, wa nne Mwacholi, wa tano Mteso na mkewe Mtoro. Kwa lugha zetu za nyumbani wengi wetu tusingeweza kuombana chumvi, kwa hiyo tulisema Kiswahili, mchana na usiku, cha kuombea chumvi na cha kugombania zamu ya bomba. Katika ua huo nilisikia watu wakichangishana kwa ajili ya mwenzao aliyefukuzwa kazi, bila kuuliza kabila lake, na wanaume wakibishana kuhusu chama chao cha wafanyakazi kibarazani. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Uganda liliundwa mwaka 1955. Wanawake nao walibadilika. Mama alifungua genge la mandazi mlangoni pa kiwanda na kushika fedha zake mwenyewe, jambo ambalo dada zake walioolewa kijijini walilisema kwa wivu na kwa hofu. Jamii hiyo haikupangwa na gavana wala na chifu. Ilitengenezwa na mishahara, kodi ya chumba na king'ora, na ilikuwa Uganda kabla Uganda haijawa na bendera.

Hapa lazima niseme jambo ambalo makala yenu hayakuligusa kabisa, nami nalisema kwa uchungu. Uhuru uliodaiwa na watu wale ndio baadaye uliouvunja ua wao. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wa Kenya waondoke nchini. Nilikuwa na miaka 14. Mama wa Kiluo wa mlango wa tatu, ambaye ndiye aliyemshika mama mkono siku niliyozaliwa, alifungasha godoro, jiko la Primus na sufuria tatu. Kuku wake alikuwa amelalia mayai, akasema hawezi kumhamisha, akatuachia. Vifaranga vilipototolewa mama hakukubali hata kimoja kichinjwe, akaviuza na kuzituma zile fedha Kisumu kwa mtu wa basi. Sijui kama zilifika. Mwaka 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90. Ninafahamu kwamba wengi wa wenye majineri walikuwa Wahindi na kwamba mizani zao babu yangu alikuwa na mengi ya kusema kuzihusu. Lakini majineri yaligawiwa kwa watu ambao hawakujua rola ni nini, vipuri vikakosa mtu wa kuviagiza, na wakulima wakaanza kukopwa pamba kwa makaratasi. Mwaka 1970 nchi ilikuwa imetoa marobota yanayokaribia 470,000. Miaka kumi baadaye haikufika hata robo ya hayo. Babu aling'oa pamba akapanda mahindi, na ndiye mtu aliyekuwa ametembea kilomita nyingi na gunia ili siku moja aingie ndani kusoma mizani.

Kwa hiyo sisemi kwamba tuliudai vizuri na kila kitu kikawa kizuri. Nasema kwamba tuliudai, na kwamba kilichodaiwa kinajulikana kwa jina. Hata leo sehemu kubwa ya nyuzi zetu inatoka nchini ikiwa robota, na shati linarudi likiwa la mtumba. Mtu anayedhani uhuru ulihusu bendera na wimbo tu anaweza kuliangalia lori la marobota likielekea mpakani Malaba asione lolote la kusemwa. Watu wa 1949 wangeona.

Ombi langu kwenu ni dogo. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari, na walimu wananipigia simu kuuliza watoto wasome nini. Wasome haya. Gazeti lenu litenge nafasi kila wiki, hata nusu ukurasa, kwa wazee waliofanya kazi katika majineri, katika reli, katika viwanda vya Jinja na saruji ya Tororo, na katika migodi ya Kilembe, waeleze kazi yao kwa maneno yao: mashine ilivyofanya kazi, mshahara ulivyolipwa, mgomo ulivyoanza. Wengi hawaandiki, lakini wanasema, na simu siku hizi inarekodi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1949 wamebaki wachache sana, kwa hiyo jambo hili halisubiri sikukuu ijayo. Na wenye vielelezo wavilete mvipige picha kabla mchwa haujavimaliza. Mimi nina kadi ya ushirika ya babu na stakabadhi zake za pamba, safi na fifi zimeandikwa mbali mbali kwa wino, uzito kwa ratili, kuanzia msimu wa kwanza aliosoma mizani mwenyewe. Nipeni siku, nitapanda teksi ya asubuhi nizilete ofisini kwenu.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Walukuba, Jinja